Miezi mitatu ya kununua mandazi

Na Kwamboka Omwenga

"Shangazi, kwani huko Kisii mjini hujui mtu?"

Mtoto wa kaka yangu ameniuliza hivyo mara tatu tangu Januari. Ana diploma ya uhasibu, bahasha ya kaki yenye nakala kumi za vyeti, na viatu alivyonunuliwa na babake kwa bonasi ya majani chai kule Kebirigo. Nilipochoka kuulizwa nikampa kazi. Chama chetu cha akina mama kilikuwa na shilingi 2,400 zilizoingia kwenye M-Pesa zikakosa mwenyewe daftarini. Nikamwambia aketi amtafute huyo mwenyewe.

Siku ya pili jioni akaja akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kulinganisha daftari na taarifa ya pesa hata mara moja. Darasani walifanya ya ubaoni, hesabu ambazo mwisho wake lazima zilingane. Na kwenye atachimenti, yale mafunzo ya kazini, je? Miezi mitatu katika ofisi moja mjini alibeba faili kutoka chumba hiki hadi kile, na ikifika saa nne alitumwa mandazi. Akanionyesha kile kitabu anachopaswa kujaziwa na msimamizi kila wiki. Wiki kumi na mbili, sahihi kumi na mbili, wino mmoja, zote zimelala upande mmoja. Mtu alikaa siku ya mwisho akazimwaga zote kwa mpigo.

Simlaumu kijana. Huku kwetu mashamba yamegawanywa na kugawanywa tena hadi mengine yamebaki nyumba na mstari wa migomba, na mzazi asiye na ardhi ya kurithisha hurithisha cheti. Kukitafuta cheti tunajua sana. Chuo Kikuu cha Kisii chenyewe kilianza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi, kikapanda hadi kupata hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Tatizo letu ni ile miaka miwili mitatu baada ya mahafali, ambayo hatujaamua ni ya nani.

Watu wa Tabaka, huku huku Kisii, waliamua zamani. Kwa wachonga mawe ya sabuni, anayeanza hapewi jiwe zima achonge ndovu. Huanza na msasa na karai la maji, akilainisha kazi ya mwingine, na vidole vinalijua umbo kabla mkono haujashika kisu. Siku moja nilimwona mzee akimpokonya kijana jiwe na kulimwagia maji. Ufa mwembamba kama unywele ukajitokeza. Akamrudishia bila neno. Kijana angechonga mchana kutwa, na shingo ya twiga ingevunjikia papo hapo. Somo zima halikufika dakika moja, ila lilihitaji mzee aliyeketi karibu. Elkana Ong'esa, mchongaji wa huko ambaye ndege wake wa jiwe yuko makao makuu ya UNESCO jijini Paris, alisoma hadi Makerere, kwa hiyo asije mtu akadhani ninaidharau shule. Lakini jiwe alilikuta nyumbani.

Kiswahili kina neno la mtu kama yule kijana: mwanagenzi, aliyewekwa chini ya fundi ili ajifunze. Tazama tulivyolichezea. Mwaka 2023 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilichukua maelfu ya walimu wa sekondari msingi, JSS, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, kabla ya makato, ikawaita wanagenzi. Kuna waliofika shuleni wakakuta wao ndio walimu wa hisabati, wa sayansi na wa kila kitu. Sasa wanagenzi wa nani? Aprili 2024 Mahakama ya Leba ikaamua kwamba TSC haina mamlaka ya kuajiri wanagenzi. Kelele zilikuwa za mshahara, na zilistahili. Sikusikia nyingi za kuuliza ni nani aliyeketi nyuma ya darasa kumtazama mwanagenzi akifundisha.

Mwajiri naye asiniambie mafunzo si kazi yake. Hutozwa shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo ya viwandani yanayosimamiwa na mamlaka ya kitaifa ya mafunzo hayo, NITA. Sheria inamhesabu kuwa mmoja wa walimu, apende asipende.

Yule mtoto wa kaka yangu nilimpeleka kwa mweka hazina wa chama chetu, mama aliyeishia darasa la saba na anayeuza ndizi Keroka. Alimketisha juu ya kreti, akapitisha kidole kwenye taarifa ya M-Pesa, akasimama kwenye jina la mwanamume. "Huyu ni bwana yake yule mama wa cherehani. Simu ya mkewe ilikuwa imeharibika." Shilingi 2,400 zikapata mwenyewe. Kisha akamuuliza, "Wewe ulimpigia nani kuuliza?" Hakuwa amempigia mtu. Alikuwa amejumlisha upya mara nne.

Amekuwa akirudi kwenye kreti ile wiki ya sita sasa. Hapati mshahara, hupata nauli na kichane cha ndizi, nami sitaita hiyo ajira. Ila wiki iliyopita aligundua mwenyewe mchango ulioandikwa mara mbili, akapiga simu kabla ya kuniambia.

Wewe mwenye ofisi Kisii au Nyamira, ambaye una kijana wa atachimenti pale kwenye benchi la mlangoni: kesho mpe faili moja halisi, mwache akosee, kisha keti naye nusu saa mkiangalia alipokosea. Mandazi hata wewe unaweza kujinunulia. Na kama huna kijana, wangu yuko tayari kupanda matatu ya kwanza Jumatatu.