Mimi na ushabiki wangu wa maswali ya Ghana

Najua nimepotea. Testi zilikuwa zimenibana, na bumu lenyewe mnajua lilivyochelewa. Leo nimeona nimwage la moyoni, maana nimechoka kuchekwa humu chumbani.

Kisa chenyewe ni hiki: wenzangu wakiweka bando kuangalia Simba na Yanga, mimi naweka bando kuangalia watoto wa sekondari wa Ghana wakiulizwa hesabu. Ndiyo, mmesoma sawasawa. Lile shindano lao la taifa la sayansi na hesabu, lililoanza mwaka 1993. Juzi nimepiga kelele saa tano usiku kwa sababu ya swali la kweli au si kweli, chumba kizima kikaamka. Mwenzangu wa kitanda cha juu akauliza, "Nani kafunga?" Nikaona aibu kumjibu.

Kwa wasiolijua: shule tatu zinakaa jukwaani, kila shule watoto wawili, raundi tano. Utamu wenyewe uko raundi ya mwisho, ya vitendawili. Dalili zinatolewa moja moja, kuanzia ile ngumu. Ukipata kwa dalili ya kwanza unachukua pointi 5, ya pili 4, kuanzia ya tatu ni 3. Ukibonyeza kengele ukakosea, basi, kitendawili hicho kimekupita. Tuseme jibu ni potasiamu. Dalili ya kwanza: mimi ni chuma lakini kisu kinanikata. Hapo wewe na desa lako bado mnatafakari, wenzio wameshabonyeza! Mpaka ifike "nikitiwa majini nawaka moto wa zambarau", pointi zimeshaondoka na wenyewe.

Na jamani, wenzetu wanashangilia. Wazee waliomaliza shule miaka ya themanini wanavaa rangi za shule yao, wanapiga ngoma, wanatambiana mtandaoni wiki nzima. PRESEC ya Legon wamechukua kombe mara 8, ya nane ikiwa mwaka 2023, na ukimgusa mtu wa Prempeh wa kule Kumasi kuhusu habari hiyo, mtagombana kama watani wa Kariakoo.

Sasa sisi je? Sisi tulikuwa na ile kumi bora ya NECTA, nayo ilifutwa Januari 2023. Mimi niliunga mkono ifutwe, na bado naunga mkono, maana ilishakuwa tangazo la bure la shule za ada kubwa. Lakini hatukuweka kitu mahali pake. Mtoto akijua fizikia leo anapigiwa makofi na nani? Mama yake na mwalimu wa fizikia, kama mwalimu yupo.

Kuna kaka mmoja pale kwenye vimbweta ananiambia haya maswali ni kukariri tu na mbio za kidole. Nusu ni kweli, simbishii. Mtu anayefikiri polepole hana nafasi pale jukwaani, na wengi wa wanaofikiria polepole ndio ningependa wanijengee daraja. Tena shule zinazoshinda ni zilezile kongwe, nyingi za wavulana. Kichekesho ni kwamba wanaouliza maswali ni wanawake: alianza Profesa Marian Ewurama Addy, na tangu mwaka 2006 ni Profesa Elsie Effah Kaufmann wa uhandisi wa tiba, Chuo Kikuu cha Ghana. Lakini hakuna shule ya wasichana watupu iliyowahi kuchukua kombe! Hilo linaniuma kila mwaka.

Ila nusu ya pili huyo kaka haijui, kwa sababu hakuwepo nyumbani likizo ya Desemba iliyopita.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha pili. Akaniambia hivihivi, tunachambua mchele, "Dada, mimi fizikia na kemia naacha." Mwalimu mmoja alishawaambia darasani kwamba wasichana huwa wanaanza sayansi kwa mbwembwe halafu wanarudi kwenye historia wenyewe. Kwa hiyo yeye kaamua asijisumbue. Mama alinyamaza. Mimi nilitaka kutoa hotuba, nikaona nitaharibu.

Usiku nikamwekea fainali ya mwaka 2021. Prempeh, PRESEC, na Keta, shule ya kwanza kutoka mkoa wa Volta kufika fainali. Upande wa Keta kakaa msichana, Francisca Lamini, peke yake kati ya wavulana watano. Mdogo wangu akasogea karibu na simu. Kiingereza chenyewe kilikuwa kinampiga chenga, nikawa nasimamisha namfafanulia. Kufika kwenye vitendawili akataja jibu moja kabla ya wale wenye makoti! Moja tu. Akaruka akamwaga chai kwenye mkeka.

Keta hawakushinda. Prempeh 53, PRESEC 49, Keta 30. Nilidhani atavunjika moyo, kumbe yeye anataka kujua yule dada anasoma nini sasa hivi.

Hakuacha. Msije mkadhani nawaletea muujiza lakini, testi ya kwanza ya fizikia kapata 41, na ya kemia sitaitaja hapa maana anaweza kuisoma hii. Jana usiku kachukua simu ya mama kanitumia ujumbe: "Dada, ile ya 2022 inapatikana? Nirushie na bando."

Bando lenyewe la kwangu limeisha. Kuna msamaria yeyote block hii?