“Ni kweli nilivunja, lakini…”

Mkasa huu nimesimuliwa mara nyingi, kwa sura tofauti, kiasi kwamba siwezi tena kusema ni wa nani. Mfanyabiashara wa mitumba ana kizimba chake Mchikichini. Anauguliwa na mzazi, anakwenda kijijini, anakaa miezi miwili. Anaporudi anakuta mlango umefungwa kwa kufuli asilolijua, na kwa upenyo wa mbao anaona marobota ya mtu mwingine. Jirani anamnong’oneza kwamba mwenye marobota amelipa na ana karatasi. Naye ana karatasi. Anaazima tindo na nyundo, anavunja kufuli, anang’oa ubao mmoja, anayatoa marobota na kuyapanga nje bila kuyachana. Jioni mwenzake amekwisha kwenda kituo cha polisi na kuchukua RB. Siku chache baadaye mtu wetu yumo kizimbani. Lugha yetu ina kejeli zake: ametoka kizimba kimoja akaingia kingine.

Shtaka linasomwa: kuharibu mali kwa makusudi. Anaulizwa kama ni kweli au si kweli. Anajibu kama mtu aliyelelewa kutosema uongo mbele ya wakubwa: “Ni kweli nilivunja, lakini kizimba ni changu.”

Mimi si wakili, na anayetafuta ushauri wa kesi yake asiutafute hapa. Ninachotaka kusema ni kwamba kesi nzima imo katika neno “lakini”, na kwamba kazi kubwa ya wakili katika mashtaka ya namna hii ni kulifanya neno hilo lisikike kwa namna ambayo sheria inaitambua. Asipokuwapo wa kufanya hivyo, neno hupotea, na mtu naye hupotea nalo.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika kifungu ambacho kwa miaka mingi kimejulikana kwa namba 326, inasema kwamba anayeharibu mali kwa makusudi na isivyo halali ametenda kosa na anaweza kufungwa hadi miaka saba. Kwa makusudi, na isivyo halali. Hayo ni mambo mawili, na Jamhuri inapaswa kuyathibitisha yote mawili pasipo kuacha shaka. Mtu wetu amekiri la kwanza tu. La pili amelikana palepale, kwa maneno manne, bila kujua kwamba amelikana.

Kuna zaidi. Kanuni hiyohiyo, mwanzoni kabisa, katika kifungu cha 9, inaeleza kwamba mtu hawajibiki kijinai kwa kosa linalohusu mali iwapo alitenda katika kutumia dai la haki alilokuwa nalo kwa dhati, bila nia ya kulaghai. Haisemi kwamba dai lake liwe sahihi. Inataka liwe la dhati. Anaweza kushindwa kesho katika shauri la madai, akaambiwa kizimba si chake na kufuli alilipe, na bado asiwe mhalifu. Kifungu hiki hakikutungwa Ilala. Kanuni ya Adhabu ililetwa Tanganyika na Waingereza mwaka 1930, na mizizi yake inarudi hadi kanuni ya jinai ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Ndiyo maana majirani zetu wa Kenya na Uganda wana maneno yanayofanana sana na yetu. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba huu ni urithi wa kikoloni ambao mnyonge angeweza kuutumia, laiti angejua kwamba upo.

Turudi kizimbani. Jibu la “ni kweli, lakini” si kukiri kosa. Mwaka 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri iliyotoka Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilieleza namna ya kupokea maelezo ya mshtakiwa. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, maelezo ya tukio yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuyaongezea. Akiongeza jambo linaloibua utetezi, iandikwe kwamba amekana. Mahakama zetu zimeufuata utaratibu huo kwa miaka mingi, na si mara moja wala mbili hukumu zimetenguliwa kwa sababu haukufuatwa.

Lakini hukumu inayotenguliwa ni ile iliyokatiwa rufaa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamzuia aliyetiwa hatiani kwa kukiri kwake mwenyewe kukata rufaa dhidi ya hatia. Anabakiwa na kulalamikia adhabu tu, isipokuwa pale anapoweza kuonyesha, kwa mfano, kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata. Nani atalionyesha hilo? Mfungwa ambaye hajui hata kwamba neno lake moja lilikuwa na uzito?

Kwa miaka mingi tulikuwa na tatizo jingine ambalo wenzangu wa lugha hawakulipigia kelele ya kutosha. Katika mahakama za wilaya na kuendelea, mshtakiwa alisema kwa Kiswahili, hakimu akamsikia kwa Kiswahili, kisha akaandika kwa Kiingereza. Sentensi ndefu ya mtu aliyejaa uchungu ingeweza kuingia kwenye jalada ikiwa maneno matatu makavu. Mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, yalisemwa sana kwa upande wa heshima ya taifa. Kwangu mimi faida yake kubwa ni ndogo zaidi ya hapo: “lakini” sasa inaweza kuandikwa “lakini”.

Wakili, basi, hufanya nini? Watu humfikiria kama mtu wa kupinga kila kitu na kuomba kuahirishwa, na wapo wa namna hiyo, tusidanganyane. Aliye makini huanza kwa kumnyamazisha mteja wake. Anamzuia kueleza kisa chote kituoni usiku wa manane akiwa na hasira, kwa sababu maelezo ya usiku ule ndiyo yatakayosomwa mahakamani mchana. Anashughulikia dhamana, kwani kosa hili lina dhamana. Kisha anauliza maswali ambayo mshtakiwa angeyaona madogo. Karatasi ya mlalamikaji ilitolewa na nani, tarehe gani? Stakabadhi za ushuru za miezi ya nyuma zina jina la nani? Kufuli lililovunjwa liko wapi, na limeletwa kama kielelezo? Hasara iliyotajwa kwenye hati ya mashtaka imehesabiwaje, wakati marobota yalikutwa mazima?

Na kama hoja ni nani mwenye mali, wakili ataikumbusha mahakama msimamo ambao Mahakama Kuu imekuwa nao tangu zamani. Katika uamuzi mmoja uliochapishwa kwenye Tanzania Law Reports ya mwaka 1992, uliohusu kuingia kwa jinai, ilisemwa kwamba mahakama ya jinai si mahali pa kuamua nani mmiliki wa ardhi inayogombewa, na kwamba shtaka haliwezi kusimama ilhali umiliki haujaamuliwa kwenye shauri la madai. Hoja hiyo imetumika pia katika kesi za uharibifu wa mali. Pengine wakili atafanya jambo la maana kuliko yote hayo: ataomba pande mbili zisuluhishwe, kwa kuwa sheria inaruhusu mahakama kuhimiza suluhu katika makosa yenye sura ya ugomvi binafsi, pale maslahi ya umma yasipodai adhabu.

Wapo watakaosema ninawafundisha watu kuvunja kisha kujificha nyuma ya kifungu cha 9. Sivyo. Mtu wetu angeyachana yale marobota kwa kisu, au angerudi usiku na kiberiti, asingekuwa na dai lolote la haki la kutaja. Hiyo ni hasira, na hasira haina kifungu. Kuchoma jengo ni kosa jingine kabisa, ambalo adhabu yake inafika kifungo cha maisha. Na hata huyu wetu alikosea njia. Alikuwa na ofisi ya soko na serikali ya mtaa mbele yake. Ila kukosea njia si sawa na kuwa mhalifu, na mahakama isiyosikia tofauti hiyo itamfunga mtu kwa sababu hakujua kupanga sentensi.

Swali gumu ni la fedha. Bei ya kufuli haifiki nauli ya kwenda mahakamani mara nne, sembuse ada ya wakili. Sheria ya zamani ya msaada wa kisheria katika kesi za jinai, ya mwaka 1969, kwa vitendo iliwafaa zaidi walioshtakiwa kwa makosa mazito kama mauaji. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilipanua mlango: asiye na uwezo anaweza kuomba, na hakimu anayeona kwamba haki inadai mshtakiwa asaidiwe anaweza kuelekeza hivyo. Iliwatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao wanafanya kazi njema mitaani, ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani kumtetea mtu. Tena kesi nyingi za namna hii huishia Mahakama ya Mwanzo, ambako kwa miongo mingi wakili hakuruhusiwa kabisa kufika. Tangu mwaka 2021 anaruhusiwa, iwapo mahakama hiyo inaongozwa na hakimu mkazi. Ni washtakiwa wangapi wa Mchikichini wanaojua hilo? Ninapowauliza wanafunzi wangu, wengi wao wakiwa na wazazi wafanyabiashara, darasa hunyamaza.

Sasa niwageukie watumishi wa umma, maana najua mnasoma hapa. Kesi hii haikuanza kwa tindo. Ilianza siku karatasi mbili zilipotolewa kwa kizimba kimoja, au siku kizimba kilipopangishwa chini kwa chini na ofisi ikaendelea kupokea ushuru bila kuuliza mlipaji ni nani. Moto wa Januari 2022 ulipoliteketeza soko la Karume, palepale Mchikichini, haukuchukua bidhaa na mbao peke yake. Ulichukua na mipaka, ule uthibitisho wa macho kwamba fulani alikuwa hapa na fulani pale. Baada ya moto wa namna ile, daftari la soko ndilo linalobaki kuwa shahidi. Likiwa na mapengo, kila pengo ni ugomvi unaosubiri siku yake.

Na kuna fundisho tunalolitoa bila kukusudia. Oktoba 2021, machinga walipoondolewa katika maeneo yasiyoruhusiwa, vibanda vilivunjwa mbele ya macho ya vijana wale wale. Mamlaka zilikuwa na madaraka yao ya kisheria, na sitaki kuulinganisha uvunjaji ule na wa mtu aliyeazima tindo. Ila kijana aliyekuwa anatazama aliona kwamba ubishi wa nafasi humalizwa kwa kuvunja, na hakuna aliyemkalisha kumweleza kwa nini mkono mmoja unaruhusiwa na mwingine unafungwa miaka saba.

Afisa anayempokea mlalamikaji kituoni angeweza kuuliza swali moja kabla ya kuandika RB: kitu hiki ni cha nani, na mwenzako anasemaje? Jibu likiwa ni karatasi mbili, apeleke karatasi hizo kwa meneja wa soko kwanza, na hati ya mashtaka isubiri.