Ramani za zamani, detekta, na tingatinga la Parklands

Uingereza kuna mchezo wenye wapenzi wengi. Mtu anachukua ramani ya karne ya 19, anaiweka juu ya picha ya setilaiti ya leo, kisha anatafuta kitu kilichokuwepo zamani na sasa hakipo: njia ya miguu, soko, kivuko cha mto, nyumba ya wageni. Akikipata anaenda pale na detekta, ile mashine inayolia ikipita juu ya metali iliyofukiwa. Mantiki ni rahisi. Watu walipokusanyika ndipo walipoangusha sarafu. Maktaba ya Taifa ya Scotland imeweka maelfu ya ramani za aina hiyo mtandaoni, bure, na unaweza kuzilinganisha na ramani ya leo kwa kuvuta kipanya tu.

Swali linalofuata ni lile lile kila mara: na hapa Nairobi, je? Jibu langu ni fupi. Ramani ndiyo, detekta hapana. Na sababu kubwa si sheria.

Tuanze na ramani, maana hapo ndipo sisi watu wa kompyuta tuna la kufanya. Reli ilifika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, na mji ukaota kando yake. Tangu hapo mambo mengi yamehama au yamebadilishwa jina. Uhuru Highway imekalia njia ya reli ya zamani, na kabla ya uhuru iliitwa Princess Elizabeth Way. Fort Hall Road ni Murang'a Road. Forest Road ni Prof. Wangari Maathai Road. Ukitafuta anwani ya zamani kwa jina la leo hutapata kitu, kwa hiyo kazi ya kwanza ni jedwali la majina katika databesi.

Kazi ya pili ni kuifunga ramani kwenye koordineti. Programu huria ya QGIS inatosha. Unaskani karatasi, unachagua alama ambazo hazijasogea (makutano ya barabara, kona ya jengo la ibada, daraja), unaiambia programu kila alama iko wapi leo, nayo inainyoosha ramani nzima. Lakini angalia mtego huu: ramani za Survey of Kenya za 1:50,000 zimejengwa juu ya datumu ya Arc 1960, na GPS ya simu yako inatumia WGS84. Ukichukua koordineti za ramani na kuziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utakosea kwa mita 300 hivi. Hapa Parklands hiyo inatosha kukutoa Avenue moja hadi nyingine. Katika QGIS chagua EPSG:21037 kwa ramani, si EPSG:32737. Na usisahau kwamba katika kipimo hicho milimita moja ni mita 50. Unene wa kalamu ya mchoraji peke yake unameza ploti nzima.

Sasa detekta. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inakataza kutafuta vitu vya kale vilivyofukiwa, iwe kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, bila kibali cha Waziri. Kitu cha kale kwa maana ya sheria hiyo ni kile kilichotengenezwa Kenya au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Utasema wewe unatafuta senti za enzi ya mkoloni tu. Sawa, lakini detekta hailii kwa mwaka. Inalia tu. Ukienda Taita Taveta, kwenye uwanja wa vita wa Salaita wa Februari 1916, italia vile vile kwa kifungo cha koti na kwa kombora ambalo halijalipuka.

Hata kama sheria isingekuwepo, ningesema hapana. Tazama sarafu za Kilwa. Mwaka 1944 askari wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu 9 kwenye mchanga wa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za Kilwa, zaidi ya kilomita 10,000 kutoka kwao! Zilikuja kutambuliwa baada ya 1979, alipozipeleka kwa wataalamu. Ramani aliyotia alama ya X ndiyo iliyomwezesha Ian McIntosh kuongoza timu kurudi huko mwaka 2013. Hadi leo wataalamu wanabishana zilifikaje. Zilikaa kwenye udongo gani, kina gani, pamoja na nini? Hayo hayakuandikwa, na hayawezi kuandikwa tena. Kwa lugha yetu: faili ipo, metadata imefutwa, na hakuna bekapu.

Lakini tusimlaumu mwenye detekta peke yake. Pita Parklands leo uone nyumba za zamani za ghorofa moja zinavyobomolewa kupisha majumba marefu yenye maegesho ya magari chini ya ardhi. Tingatinga moja la mjengo linaondoa kwa siku moja udongo ambao mtu wa detekta hawezi kuugusa maisha yake yote. Udongo unapakiwa kwenye malori na kwenda zake. Nani alitazama ramani ya zamani kabla ya kuchimba?

Hilo ndilo pendekezo langu. Miradi mikubwa inatakiwa kufanyiwa tathmini ya mazingira chini ya sheria ya EMCA ya 1999. Tabaka la ramani za zamani liwe sehemu ya tathmini hiyo. Weka mipaka ya ploti juu yake. Ikiangukia kambi, soko au makaburi ya zamani, mtu wa Makumbusho aitwe kabla ya tingatinga. Kwa upande wa programu, hiyo ni hoja moja tu ya databesi, kazi ya wikendi. Kinachokosekana ni ramani zilizoskaniwa na kufunguliwa kwa umma.

Kuna watakaosema kwamba kufungua ramani ni kuwapa wezi orodha. Hofu hiyo ina msingi. Lakini ramani ya mtaa ni jambo moja, na sehemu kamili penye kitu ni jambo lingine. La pili liwekwe nyuma ya nywila, walione Makumbusho na wapimaji tu. Tunalinda mishahara ya watu namna hiyo kila siku. Kaburi la babu wa mtu halitatushinda.

Mimi naanza na Parklands. Wewe wa Ngara, wa Pangani, wa Mombasa, anza na mtaa wako. Wazee wanaokumbuka majina ya zamani bado wapo. Waulize majina hayo sasa, uyaandike pamoja na koordineti.