"Mimi simo" haizimi moto

Wewe unayerekodi video za ujanja wa keja, nina neno nawe. Ndiyo, wewe unayeonyesha vile tunaweza kujikinga na moto kwa vitu vya jikoni, halafu mwishoni unaandika kwa herufi ndogo: jaribu kwa hatari yako, mimi simo.

Nakuelewa, hata mimi nilifanya hivyo. Mwaka jana nilitoboa kifuniko cha chupa ya soda, nikatia siki ndani, nikaongeza magadi ya kupikia niliyofunga kwa tishu, nikatikisa. Povu likaruka na kuzima magazeti niliyokuwa nimewasha uani. Nikaiweka WhatsApp na yale maneno tunayosoma kwenye vibao vya maegesho, kwa hatari yako mwenyewe. Nikalala usingizi mnono.

Sasa sikiza. Mama anayetuuzia vibanzi langoni mwa ploti alitumiwa video hiyo na binti yake. Video pekee, maneno yangu yalibaki kwangu. Karai lake liliposhika moto, alikimbilia chupa badala ya mfuniko. Siki kwa sehemu kubwa ni maji, na maji yakiingia kwa mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta juu yakiwa na moto wake. Mkono wa kulia ulibabuka hadi kwenye kiwiko.

Nilipoenda kumpa pole hakunifokea. Aliuliza tu, "Kwani kijana wangu, si wewe ulituonyesha?" Nilikuwa na jibu mdomoni, kwamba niliandika. Nikalimeza.

Sisemi tuache kuonyeshana. Ukiishi Mukuru au Kibera unajua gari la zimamoto linaweza kufika barabarani na likashindwa kuingia kichochoroni. Hapo ni nyinyi wenyewe, ndoo za mchanga, na vijana wanaobomoa mabati ya jirani ili moto ukose njia. Bila akili za mtaa tungeteketea zaidi.

Lakini hilo onyo lako halimlindi anayetazama. Linakulinda wewe, tena usingizi wako tu. Yeye anataka kujua ujanja huu utamwangusha wapi. Basi mwambie kwa mdomo, ndani ya video, kabla hujaonyesha chochote, ndiyo asiyesoma naye asikie: nimejaribu mara moja, kwa karatasi. Usipeleke kwa mafuta, usipeleke kwa stima. Mafuta yakishika, funika na mfuniko au sinia, zima gesi kama mkono unafika, na usithubutu kubeba hilo karai. Likikushinda toa watoto, toka, piga 999.

Na kama wewe mwenyewe hujui utamwangusha wapi, bado hujamaliza kujaribu. Unaposti ya nini?

Utaniambia kila mtu mzima ana akili zake. Sawa, pengine hata hakimu atakuunga mkono. Lakini hakimu hapiti pale langoni kila asubuhi akisalimiwa kwa mkono wa kushoto.

Video niliifuta siku ile ile. Juzi nimetumiwa na mtu asiyejua ni yangu, kutoka kundi la ploti moja huko Pipeline. Juu ameandika: "Imejaribiwa, inafanya kazi."