Waliovuta Boti Hawakuandika Barua

Huku Bukavu, Ruzizi ikitajwa kuwa ndiyo inayoteremsha maji ya Kivu hadi Tanganyika, hakosi mtu wa kukumbusha kisa cha Geoffrey Spicer-Simson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyekuja na boti mbili, Mimi na Toutou, kupigana na Wajerumani katika ziwa Tanganyika. Kisa ni cha kweli. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake: mengi tunayosimuliwa yanaegemea ripoti za ofisa huyo kwa wakubwa wake London, na makala iliyochapishwa mwaka 1922 na Frank Magee, mmoja wa watu wake, katika jarida la National Geographic. Tuyapime madai manne.

Dai la kwanza: mpango ulikuwa wake. Haukuwa wake. Aliyebisha hodi kwa wakuu wa jeshi la majini mjini London, Aprili 1915, ni John Lee, mwindaji aliyeifahamu nchi hii. Yeye ndiye aliyemshawishi Admirali Henry Jackson kwamba boti ndogo zinaweza kusafirishwa kwa reli na barabara mpaka ziwani, na yeye ndiye aliyetangulia kuitafuta njia. Boti hazijafika ziwani, Lee alikuwa ameshaondolewa kazini, na sifa zikabaki kwa kamanda.

Dai la pili: Waingereza wasiofika 30 walizivusha boti milimani. Hebu tuifuate njia yenyewe. Kutoka Cape Town boti zilipanda treni hadi Fungurume. Kati ya Fungurume na Sankisia, kama kilomita 240, reli haikuwepo, na katikati imesimama milima ya Mitumba. Matrekta ya mvuke yalivuta. Yaliposhindwa, wakavuta ng'ombe na watu. Wakongomani walikata msitu, wakajenga madaraja zaidi ya 100, na wanawake wakabeba maji kwa vyungu vichwani ili boila zisikauke. Kazi hiyo ilianza Agosti ikaisha mwishoni mwa Septemba 1915. Baada ya hapo ilibaki treni hadi Bukama, mto Lualaba hadi Kabalo, kisha treni tena hadi Lukuga, Kalemie ya leo. Bila mikono hiyo, Mimi na Toutou zingeozea Fungurume.

Dai la tatu: alizizamisha meli zote za Wajerumani. Apewe haki yake: tarehe 26 Desemba 1915 aliiteka Kingani, akaiita Fifi, na tarehe 9 Februari 1916 kikosi chake, pamoja na Wabelgiji, kikaizamisha Hedwig von Wissmann. Ila meli kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, hakuthubutu kuishambulia. Marubani wa Kibelgiji, wakitumia ndege za majini walizopewa na Uingereza, ndio walioipelekea mabomu bandarini Kigoma. Mwishowe, Julai 1916, Wajerumani wenyewe waliizamisha baada ya kuzipaka mashine zake grisi, wakitumaini kuifufua siku moja. Ilikuja kuibuliwa kweli, na Waingereza wakairudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Dai la nne: vita vya maziwa vilikuwa vya Tanganyika, Kivu ililala. Haikulala. Kisiwa cha Idjwi, humo Kivu, tunachokiona kutoka hapa mjini mawingu yakitawanyika kidogo, kilitekwa na Wajerumani Septemba 1914, na hawakung'olewa hadi 1916. Aprili mwaka huo kikosi cha Kanali Frederik Olsen wa Force Publique, jeshi la Kongo ya Kibelgiji, kilivuka Ruzizi na kuingia Cyangugu, ng'ambo tu ya mto. Kilichofungua Kigoma na baadaye Tabora, Septemba 1916, ni miguu ya askari wa Force Publique na migongo ya wapagazi waliowabebea chakula na risasi.

Basi hukumu ni hii: Spicer-Simson alishinda mapigano mawili, si vita vya ziwa. Sehemu kubwa ya ushindi ni ya watu ambao hakuna aliyewapa kalamu. Mwalimu wa historia utakayefundisha somo hili Ibanda au Kadutu, anza na wanawake wenye vyungu kule Mitumba. Kamanda atasubiri zamu yake.