"Penda" Haijapungukiwa

Nimechoka na hoja hii, ninayoisikia Ujiji na hata kwa vijana wanaosubiri dagaa mwaloni Kibirizi: eti Kiswahili ni maskini wa mapenzi. Mwingereza ana neno la kupenda chai na jingine la kumpenda mtu, ilhali "penda" yetu inabeba mgebuka, Simba na mama mzazi kwa pamoja. Ndiyo maana binti wa dada yangu, akiwa na la moyoni, humwandikia mama yake "lavu yu". Dada hajui Kiingereza. Mimi ndiye ninayemtafsiria mapenzi ya mwanawe.

Tuwatazame wageni wetu wa siku nyingi. Tangu 1965, alipoanza Toshisada Nishida, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamekuwa wakija Mahale kuwachunguza sokwe. Lugha yao ina neno "suki". Mjapani hulitumia kwa samaki, na kijana akimfunulia msichana moyo wake hutamka hilohilo: "suki desu". Neno zito zaidi, "aishiteru", lipo, lakini si la kutamkwa kila siku, hata ndani ya ndoa. Nani amewaita maskini?

Tena "suki" si kitenzi, ni neno la sifa. Ndani ya "suki desu" hamna mimi wala wewe. Msikilizaji hujaza mwenyewe. Letu halifichi. Na-ku-penda: mimi nimo, wewe umo. Mgebuka naupenda, wewe nakupenda. Kiambishi kimeshatenganisha chakula na mtu kabla mzizi wa kitenzi haujafika. Ukitaka zaidi, kuna kupendana, kupendezwa, kumpendea mtu tabia yake, huba na mahaba. Waha nao wana "-kunda" yao, na inawatosha.

Nitaambiwa "nakupenda" inaona haya, "lavu yu" inateleza ulimini. Kweli kabisa, na hapo ndipo penye ugomvi wangu. Inateleza kwa sababu haijabeba kitu. Haya tunayoiona ni uzito wa neno lenyewe. Anayelikwepa hajapata lugha tajiri zaidi, amepata mlango wa kutokea.

Kama mdomo ni mzito, nyamaza, umpelekee mama mgebuka, ataelewa. Lakini ukiamua kusema, sema kwa lugha aliyokubembelezea ukiwa mgongoni. Asihitaji mkalimani ili ajue anapendwa.