Karamu Isile Zizi



Tangu Desemba mpaka mvua za Machi zinapokaribia, njia za mashamba yetu hujaa wageni. Watoto wanaofanya kazi mjini hurudi nyumbani, wakwe huja kutusalimu, na wanachama wa ushirika hualikana. Hili ni jambo jema, na mtu asiyepokea wageni hana sifa kijijini. Lakini maoni yangu ni kwamba namna tunavyowalisha wageni hao yafaa ifikiriwe upya, maana karamu nyingine huanza kwa kula chakula na kumaliza kwa kula zizi.

Tufanye hesabu kidogo, kama watoto wa shule. Mkulima ana mtamba mmoja mzuri. Wageni kumi na wawili wanakuja Jumapili, naye anaona aibu kuwapa chakula kidogo, basi mtamba anachinjwa. Kama angezaa, akatoa lita 10 tu kwa siku kwa muda wa siku 300, hizo ni lita 3,000 za maziwa katika uzazi mmoja. Wageni wamekula lita 3,000 kwa mchana mmoja, wala wenyewe hawajui. Jumatatu wamekwenda zao, na mkulima amebaki na ngozi. Mwingine hachinji, bali hukopa nyama, soda na mchele dukani, kisha malipo ya maziwa ya mwezi mzima huenda kwa mwenye duka kabla ya ada ya shule kulipwa.

Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afilisike.

Sasa tazameni wenzetu wa ng'ambo wafanyavyo. Wafaransa wana kazi ya zamani iitwayo charcuterie, na jina hilo latokana na maneno mawili yenye maana ya nyama iliyopikwa. Ni kazi ya kutengeneza nyama, hasa ya nguruwe, kwa chumvi, kwa moshi na kwa kupika, ili ikae muda mrefu bila kuoza. Chumvi huvuta maji kutoka katika nyama, na vijidudu vinavyoozesha haviwezi kustawi pasipo maji. Siku hizi katika nchi za Ulaya na Marekani watu hupanga vipande vyembamba vya nyama hiyo juu ya ubao safi, pamoja na jibini, mkate na matunda. Wakati wao wa joto, yaani Juni mpaka Agosti, hupunguza nyama ya chumvi na kuongeza vitu vibichi vya bustanini. Kila mgeni hujichagulia kidogo kidogo huku mazungumzo yakiendelea, na hakuna mtu anayekaa jikoni kupuliza moto wakati wenzake wanacheka nje.

Mtu asiseme kwamba hayo ni mambo ya Wazungu tu. Ndugu zetu Waborana na Wasomali wa kaskazini hukata nyama nyembamba, huianika, huikaanga na kuihifadhi katika mafuta, nasi tunaijua kwa jina la nyirinyiri. Wakalenjin huweka maziwa katika kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa, na mursik ile hunywewa baridi mbele ya wageni wa heshima. Na kule Uplands, karibu na Limuru, kulikuwa na kiwanda kilichotengeneza bekoni na soseji kwa miaka mingi mpaka kilipofungwa katika miaka ya 1980. Basi chakula baridi cha kuwekea wageni si kigeni katika nchi hii.

Ila tusiige kama kasuku. Mwezi wa Julai, wenzetu wanapotafuta kivuli, sisi wa Kinangop na Ol Kalou tunatafuta blanketi, na mgeni wa Julai anataka supu ya moto. Ubao wa vitu baridi ni wa miezi yetu ya jua. Tena, mtu asijaribu kutia chumvi nyama mbichi ya nguruwe nyumbani na kuila bila kupikwa. Kazi hiyo yataka ujuzi, vipimo na baridi ya kutosha. Nyama ya nguruwe isiyopikwa vizuri yaweza kuwa na tegu, na minyoo hao huleta ugonjwa hata katika ubongo.

Kwa wageni kumi na wawili, mimi napendekeza ubao wa namna hii:

1. Nyama baridi. Gramu 60 kwa kila mtu zatosha vitu vingine vikiwapo. Hiyo ni gramu 720, wala haifiki kilo moja. Nunua kipande cha ng'ombe kisicho na mifupa, chenye muhuri wa mkaguzi. Kwa kuwa nyama hupungua ikipikwa, nunua kilo moja na robo. Ichemshe kwa chumvi, vitunguu na pilipili manga mpaka iive kabisa. Ikisha kupoa, ikate nyembamba sana, kisu kikipita kukingama nyuzi za nyama.

2. Jibini ya nyumbani. Chukua lita 5 za maziwa, yachemshe, yaepue, kisha utie maji ya ndimu kidogo kidogo huku ukikoroga mpaka yakatike. Chuja kwa kitambaa safi kilichochemshwa, tia chumvi, funga, na ukandamize kwa kitu kizito. Utapata jibini inayokaribia kilo moja. Maziwa lazima yachemke, kwa sababu maziwa mabichi yaweza kuleta homa ya kutupa mimba, ambayo watu pia huipata.

3. Mayai ya kuchemsha, moja kwa kila mgeni, yaliyokatwa nusu.

4. Vitu vya bustani. Hapa ndipo ubao unapojazwa. Weka karoti, matango, nyanya, minji michanga na biti iliyochemshwa. Katika matunda weka plamu, peasi, matunda damu, au lolote lililoiva shambani wiki hiyo. Nusu ya ubao iwe ya vitu hivi.

5. Vitu vya kushibisha. Mkate, viazi vitamu au nduma zilizochemshwa, pamoja na njugu za kukaanga na kibakuli cha asali.

Ukitaka kuweka soseji au bekoni, pika vizuri, na uweke katika sahani ya peke yake, mbali na ubao. Katika mashamba yetu tumechanganyika. Jirani Mwislamu na jirani Msabato hawali nguruwe, na haifai kumfanya mgeni aulize kisu kimegusa nini.

Sasa jambo kubwa kuliko yote, nalo ni usafi. Chakula baridi hakisamehe uvivu. Ubao uliokatiwa nyama mbichi usiwekewe chakula kilicho tayari, mpaka uoshwe kwa sabuni na maji ya moto na kukaushwa juani. Mboga na matunda yaoshwe kwa maji safi yaliyochemshwa. Asiye na friji asipike nyama jana kwa ajili ya leo. Kama wageni watakula saa sita, iepue nyama saa nne na nusu, ipoe chini ya kitambaa safi, kisha ikate wakati wa kuandaa. Nyama, mayai na jibini visikae nje zaidi ya muda wa saa mbili, na siku ya jua kali sana usizidishe muda wa saa moja. Ubao uwe kivulini, nzi wafukuzwe. Mama mjamzito apewe nyama iliyopashwa moto tena, maana vijidudu vingine vya nyama baridi humdhuru mtoto tumboni.

Najua watu watasema, "Mgeni hakuja kula karoti. Tutachekwa." Nami nawajibu hivi. Kama mila yataka mnyama achinjwe, kwa mahari au kwa harusi, basi achinjwe, na mzee apewe sehemu yake ya heshima. Sipingi mila. Ninalopinga ni kuifanya kila Jumapili kuwa harusi. Mgeni atakayecheka ubao uliojaa jibini ya ng'ombe wako, mayai ya kuku wako na matunda ya miti yako, huyo anacheka shamba lenyewe. Mwenye akili ataona kwamba kila kitu isipokuwa nyama, mkate na chumvi kimetoka katika ekari zako, naye atauliza mbegu umepata wapi.

Tena tumfikirie mama mwenye nyumba. Huamka alfajiri, hupika mpaka alasiri katika moshi, kisha hula makombo akiwa amechoka hata kusema. Kwa ubao huu kazi kubwa humalizika kabla wageni hawajafika, naye hukaa kitini kama mtu mwingine, akasikia habari za watoto wake.

Basi, bwana mkulima na bibi mkulima, kabla ya kunoa kisu msimu huu, ingieni kwanza bustanini na kikapu. Kama bustani haina cha kumwekea mgeni, hapo ndipo penye aibu, na dawa yake ni kupanda karoti mapema, miezi mitatu kabla wageni hawajaja.